Kabla ya kuongeza spika, nunua kipimo

Gachoka iko upande wa chini wa kaunti ya Embu, katika nchi ya Wambeere. Ni nchi kavu ya migunga, mbuzi, ndengu na ule muguka tunaobishania kila siku huku Pwani. Mabwawa ya mto Tana yako upande huo: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Maji yakishapita huko hushuka hadi kwetu Kipini, na umeme wa Kiambere una laini yake inayofika Rabai. Kwa hivyo tunawasha mitambo yetu ya harusi kwa umeme wa jirani zao. Mwaka juzi tulipowapelekea mitambo hiyo hiyo, tuliwaaibisha.

Rafiki yangu tuliyesoma naye diploma ya umeme Mombasa ni mwenyeji wa huko. Alikuwa anamuoza binti yake wa kwanza, akasisitiza muziki utoke Mombasa, kwa sababu mitambo ya Pwani ina sifa. Mimi kando na kalamu hii nina kikundi cha vijana wanne tunaokodisha spika. Tulipakia spika nne za juu, besi nne, mikisa ya dijitali na waya, tukapanda.

Hema zilipangwa kwa mstari mrefu, kama mita 60 kutoka jukwaani hadi mwisho. Tukaweka spika mbili jukwaani, na mbili nyingine katikati, mita 38 nyuma, ili watu wa mwisho nao wapate. Nilitembea hadi nyuma na simu yangu iliyo na programu ya kupima kelele. Ikaniandikia desibeli 92. Nikasema alhamdulillahi, kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Hotuba zilipoanza, rafiki yangu alinijia: "Sheikh, watu wa nyuma wanasema hawasikii." Nikapandisha sauti ya spika za mbele. Baada ya dakika 10 akarudi: "Sasa kelele wanaisikia. Maneno ndiyo hawayapati."

Mama yake rafiki yangu, shosho kama wanavyowaita bibi zao huko, alikuwa ameketi nyuma kabisa, chini ya mgunga, nje ya hema. Bwana na bibi harusi waliposimama kushukuru, yule binti alimtaja shosho kwa jina, akaeleza jinsi alivyomlea tangu akiwa na miaka 3. Watu wa mbele walilia. Shosho aliwageukia waliokuwa karibu naye akauliza wamesema nini. Hakuna aliyeweza kumjibu, maana nao hawakupata kitu.

Njiani kurudi, vijana wangu walikuwa na jibu moja: tuongeze spika mbili. Nilikaribia kukubali. Leo nataka kuwaeleza wenzangu wenye vikundi vya mitambo, kamati za maulidi na wasimamizi wa misikiti kwa nini jibu lile lilikuwa la makosa, na ni vifaa gani ningewashauri wanunue badala yake.

Kilichotokea kwa hesabu

Sauti ni msafiri wa polepole kuliko tunavyodhani. Katika hewa ya nyuzi 20 huenda mita 343 kwa sekunde. Kwenye joto la nyuzi 30 huenda kama mita 349. Lakini ndani ya waya, sauti ikiwa umeme, hufika papo hapo. Kwa hivyo mtu akisema neno jukwaani, spika za katikati hulitamka wakati ule ule spika za mbele zinapolitamka, ilhali lile la mbele bado linatembea hewani. Gawanya mita 38 kwa 349 utapata milisekunde 109, yaani zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Mtu wa nyuma alikuwa akisikia kila neno mara mbili. Kwanza kutoka spika ya karibu, kisha kutoka ya mbele. Silabi moja katika mazungumzo ya kawaida haichukui hata robo ya sekunde, kwa hivyo mkia wa silabi ya kwanza ulikuwa unakanyaga kichwa cha silabi ya pili. Nami nilipopandisha spika za mbele nikaupa mwangwi nguvu zaidi. Spika mbili za ziada zingeleta sauti ya tatu juu ya zile mbili.

Simu yangu haikunidanganya. Desibeli 92 zilikuwepo. Nilichokosea ni swali. Nilipima ukubwa wa sauti nikadhani nimepima kueleweka kwake. Basi anayetaka kununua kifaa cha kupimia aanze hapo, ajiulize kifaa hiki kinaona nini, na ni kitu gani hakikioni kabisa.

Anza na tepu

Kifaa cha kwanza ni tepu ya fundi ya mita 50, na cha pili ni kipimajoto. Hivi viwili vingetosha kuokoa harusi ile. Unapima umbali kutoka spika ya mbele hadi ya katikati, unagawanya kwa mwendo wa sauti, kisha unaingiza jibu kwenye mikisa. Mikisa nyingi za dijitali zina sehemu ya kuchelewesha sauti inayotoka. Yangu ilikuwa nayo siku ile, sikuwahi hata kuifungua. Mwenye mikisa ya zamani isiyo nayo anaweza kununua kisanduku cha kuratibu spika, ambacho hukaa kati ya mikisa na amplifaya.

Ukishapata namba, ongeza milisekunde kama 10 juu yake. Mjerumani Helmut Haas alieleza mwaka 1949 kwamba sikio likipata sauti ile ile kutoka sehemu mbili kwa kupishana kidogo, huamini imetoka kule ilikofika kwanza. Ukiongeza zile 10, mtu wa nyuma anasaidiwa na spika ya karibu lakini anaona kama msemaji wa jukwaani ndiye anayemsemesha.

Katika kapu hilo hilo la vitu rahisi tia maltimita ya kupima umeme na kipima waya. Mahali palipo mwisho wa laini ndefu, volti hushuka jioni, na amplifaya yenye njaa ya umeme hukwaruza hata ukiisawazisha vipi. Waya ulioliwa na panya nao hautengenezwi kwa ikwalaiza.

Simu na mita ya kelele

Simu si kitu cha kutupwa. Ina faida ya kulinganisha: hapa sauti ni kubwa, pale ni ndogo, tofauti ni kiasi gani. Lakini maikrofoni yake imetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo. Simu nyingi hupunguza besi na hujirekebisha zenyewe kelele inapozidi, na simu mbili zikiwekwa pamoja zinaweza kutoa majibu tofauti. Taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, ilitengeneza programu yake ya kupima kelele kwa ajili ya iPhone pekee, kwa kuwa simu za Android ni za makampuni mengi na maikrofoni zao hazifanani.

Mita ya kelele ni hatua juu ya simu. Ukienda kununua, uliza kama inafuata kiwango cha kimataifa cha IEC 61672, na ni ya daraja la 1 au la 2. Daraja la 2 linatosha kwa kazi zetu. Uliza pia kama unaweza kupata kirekebishi chake, kile kikopo kidogo unachokivisha maikrofoni, nacho hutoa sauti moja ya hezi 1,000 kwa desibeli 94 kamili. Mita ikisoma 97 unajua imepotoka, unairudisha. Mita isiyopimwa ni sawa na mizani ya dukani isiyokaguliwa, na sisi ambao Qur'ani yetu ina sura nzima iliyoanza kwa kuwaonya wenye kupunja vipimo hatuna haja ya kukumbushwa uzito wa jambo hilo.

Jambo moja la kuzingatia: mita nyingi zina herufi A na C. Kwenye A, mita haihesabu besi sana, kwa sababu sikio letu nalo halisikii besi vizuri sauti ikiwa ndogo. Kwenye C, besi huingia karibu yote. Ukiona A inasoma 90 na C inasoma 108, basi besi zako zimemeza hotuba. Hilo ni jambo ambalo mita inaweza kukuonyesha. Lakini mita haioni wakati. Ningekuwa na mita ya daraja la 1 siku ile Gachoka, ingeniandikia desibeli 92 zile zile, safi zaidi, na shosho asingesikia.

Maikrofoni ya kupimia

Kifaa kinachoona wakati ni seti ya vitu vitatu: maikrofoni ya kupimia, kisanduku cha kuingizia sauti kwenye kompyuta ambacho mafundi hukiita intafesi, na programu.

Tuanze na maikrofoni. Vijana wangu waliniuliza kwa nini tusitumie Shure SM58, maana tunazo sita. SM58 ni maikrofoni njema ya kuimbia, lakini husikia zaidi kwa mbele, na imepewa tabia ya kuipendezesha sauti ya mwimbaji. Wewe hutaki kipimo kinachopendezesha. Maikrofoni ya kupimia husikia pande zote sawasawa, na haipendelei besi wala trebo. Utaitambua kwa umbo lake jembamba mbele kama kalamu.

Za bei nafuu zinazotajwa sana ni tatu. Behringer ECM8000 huunganishwa kwa waya wa kawaida wa maikrofoni, lakini haiji na faili yake binafsi ya urekebisho. Dayton Audio EMM-6 huunganishwa vivyo hivyo, na kila moja ina namba yake ambayo ukiiingiza kwenye tovuti ya mtengenezaji unapata faili inayoeleza kasoro ndogo za maikrofoni ile ile uliyoishika. miniDSP UMIK-1 nayo ina faili yake, na huchomekwa moja kwa moja kwenye kompyuta kwa USB bila intafesi.

Hapa ndipo wengi hukosea. UMIK-1 inavutia kwa sababu ni rahisi: chomeka, pima. Kwa chumba cha nyumbani au studio ni chaguo zuri. Lakini kwa mitambo ya hadhara nawashauri mchukue ya waya wa kawaida, kama EMM-6. Sababu yake imo kwenye intafesi.

Kabla ya hapo, neno kuhusu kununua. Iwe ni Luthuli Avenue Nairobi au kwa kuagiza kutoka ng'ambo, hakikisha namba ya maikrofoni inakubaliwa na tovuti ya mtengenezaji kabla hujalipa, kwa sababu bidhaa bandia zipo kila soko. Nunua na sponji ya kuzuia upepo na stendi yake. Upepo wa Gachoka ukipiga maikrofoni tupu, kompyuta huuona kama besi, nawe utaanza kupunguza besi isiyokuwepo.

Njia mbili, si moja

Intafesi unayoihitaji ni ya njia mbili za kuingiza, yenye umeme wa volti 48 unaopitia waya wa maikrofoni, maana maikrofoni hizi hazifanyi kazi bila umeme huo. Focusrite Scarlett 2i2 na Behringer UMC202HD ni mifano miwili inayopatikana kwa urahisi.

Kwa nini njia mbili? Njia ya kwanza huchukua sauti kutoka kwenye mikisa kabla haijafika kwenye spika. Njia ya pili huchukua sauti kutoka kwenye maikrofoni, baada ya kutoka kwenye spika na kupita hewani. Programu inalinganisha kilichoingia na kilichotoka. Kwa hivyo inajua ni kiasi gani kimebadilika, na inajua kimechelewa kwa milisekunde ngapi. Ni kama karani anayeshika stakabadhi ya mzigo uliopakiwa Mombasa na ya mzigo ulioshushwa Embu. Mwenye stakabadhi moja hawezi kusema kilichopotea njiani.

Maikrofoni ya USB ina saa yake yenyewe ndani, na ni njia moja. Kuiunganisha na ile stakabadhi ya kwanza ni taabu. Ndiyo maana nikasema chukua ya waya.

Faida nyingine ni kwamba kwa njia mbili unaweza kupima kwa muziki wenyewe. Huna haja ya kuwapigia wageni ule mvumo wa majaribio, mafundi huuita pinki noizi, unaofanana na mvua kubwa juu ya bati. Ukumbi ukishajaa watu sauti hubadilika, kwa sababu miili na nguo hunywa trebo, na wewe unaweza kuendelea kupima huku kasida inaendelea.

Tahadhari moja: kwenye intafesi nyingi ndogo, kibonye cha volti 48 huwasha njia zote mbili kwa pamoja. Sauti ya kutoka mikisa iingize kwa plagi ya duara ndefu, ile kama ya gitaa, usitumie tundu la pini tatu, ili umeme ule usirudi kwenye mikisa. Na kompyuta iendeshe kwa betri yake wakati wa kupima. Chaja mara nyingi huleta mngurumo.

Programu

Smaart ya Rational Acoustics ndiyo inayotumiwa sana na wataalamu wa matamasha makubwa duniani, na ni ya kulipia. Usianze nayo. Kuna Open Sound Meter, programu huria inayofanya kazi hiyo ya kulinganisha njia mbili. Kuna na REW ya John Mulcahy, ambayo unaweza kuitumia bila malipo. Hiyo hupima kwa mluzi unaopanda kutoka besi hadi trebo, na ni nzuri sana kwa kuelewa mwangwi wa ukumbi.

Katika Open Sound Meter utaona mistari kadhaa. Mmoja unaonyesha besi, kati na trebo zimepanda au kushuka kiasi gani. Mwingine unaonyesha mpishano wa wakati. Wa tatu, unaoitwa koherensi, ndio wa kuheshimu kuliko yote, maana unakwambia ni wapi kipimo chenyewe kinaaminika. Mstari huo ukishuka, ni upepo, ni mwangwi au ni makelele ya watu. Hapo usiguse ikwalaiza. Fundi mwenye haraka hutengeneza kasoro ambazo hazipo.

Usipime mahali pamoja. Pima angalau sehemu 5 au 6, maikrofoni ikiwa urefu wa sikio la mtu aliyeketi. Kasoro inayoonekana kila mahali ni ya spika, hiyo inarekebishika. Kasoro inayoonekana pale tu uliposimama na kupotea ukisogea hatua mbili ni ya mahali hapo, na kuirekebisha ni kuwaharibia wengine wote. Ndiyo maana sivipendi sana vile visanduku vinavyojisawazisha vyenyewe kwa kibonye kimoja. Mara nyingi vinapima mahali pamoja, vinarekebisha mahali pamoja.

Haya yanatuhusu sana misikitini. Kuta za vigae, sakafu ya marumaru na kuba juu: sauti ya khatibu huzunguka humo kwa muda kabla haijafa. Hakuna ikwalaiza inayofuta mwangwi. Kipimo kitakachofanywa na REW kitakuonyesha wazi kwamba dawa ni zulia, mapazia na spika ndogo ndogo zilizo karibu na waumini, si spika kubwa moja kwenye mihrabu. Kamati ikiona mchoro huo hupunguza mabishano.

Hewa ya Gachoka na hewa ya Mombasa

Kuna jambo ambalo sisi wa Pwani hatulijui kwa sababu hatujawahi kulihitaji. Hewa yenye unyevu hupitisha trebo vizuri kuliko hewa kavu. Kwa majedwali ya kimataifa, hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 70, kama yetu, hunyang'anya sauti ya hezi 8,000 kiasi cha desibeli 6 katika mita 100. Hewa ya nyuzi 15 yenye unyevu wa asilimia 20 hunyang'anya kiasi cha desibeli 20 katika umbali huo huo. Herufi kama s, sh na f zinaishi huko juu kwenye trebo. Ukisawazisha mitambo yako Kisauni ukaipeleka bara wakati wa kiangazi bila kupima tena, watu wa mbali watasikia irabu bila konsonanti.

Kwa hivyo mpangilio uliohifadhi kwenye mikisa haubebeki. Kipimo ndicho kinachobebeka.

Masikio na sheria

Kipimo pia kinakulinda. Shirika la Afya Duniani lilitoa kiwango mwaka 2022 kwa kumbi na matamasha: wastani usizidi desibeli 100 kwa dakika 15. Hesabu ya masikio ni kwamba desibeli 85 zinavumilika kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu. Kwa desibeli 94 una saa 1. Kijana wa mikisa anayekaa mbele ya spika usiku kucha kila wikendi na afanye hesabu yake.

Na Kenya ina kanuni za kelele za mwaka 2009, zinazosimamiwa na NEMA. Nje ya nyumba katika eneo la makazi, kiwango ni desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku wao unaanza saa 2 na dakika 1 za jioni. Harusi zetu nyingi ziko mbali na namba hizo, tukubali. Mwenye mita iliyorekebishwa angalau anajua yuko mbali kiasi gani, na akijiwa na jirani au askari ana la kusema zaidi ya kuapa.

Orodha kwa mwenye fedha kidogo

Kwanza tepu, kipimajoto, maltimita na kipima waya. Pili, maikrofoni ya kupimia yenye faili yake, intafesi ya njia mbili, sponji na stendi, pamoja na programu ya bure. Tatu, mita ya kelele na kirekebishi chake. Nne, baada ya mwaka mmoja au miwili ya mazoezi, programu ya kulipia kama utaona unaihitaji. Maikrofoni na intafesi za kiwango nilichotaja kwa pamoja hazifiki bei ya spika moja nzuri ya kukodishia. Tulichotaka kuongeza njiani kutoka Gachoka ni spika mbili.

Disemba iliyopita rafiki yangu alimuoza binti wa pili. Nilidhani hatatuita. Alituita. Tulifika siku moja kabla. Hema safari hii zilikuwa ndefu zaidi, na spika za katikati zilikaa mita 42. Tepu na kipimajoto vikaniambia milisekunde 121. Programu ikaniambia 123, kwa sababu spika zetu za mbele zina kompyuta ndani yake inayochelewesha kidogo, jambo ambalo tepu haiwezi kulijua. Nikaweka 133. Nikapunguza besi, nikapandisha trebo ya spika za nyuma kidogo kwa ajili ya hewa kavu.

Kipimo kikafichua na jingine. Besi moja kati ya nne ilikuwa inavuta wakati wenzake wanasukuma. Nyuzi mbili ndani ya waya wake zilibadilishana mahali. Aliyeulehemu waya ule ni mimi, miaka mitatu nyuma. Muda wote huo tulikuwa tunabeba besi nne na kupata kazi ya mbili.

Shosho alikataa kuhamishwa. Aliketi chini ya mgunga wake ule ule. Tuliendesha mitambo kwa sauti ya chini kuliko safari ya kwanza, na mshereheshaji alipoanza, mimi nilisimama pembeni nikimtazama bibi yule. Mzaha ulitolewa kwa Kimbeere, sikuelewa hata neno moja. Hema la mbele likacheka, na yeye akacheka pamoja nao.